Uzi maalumu: Nyangumi wanaimba kweli, ila tusiwasingizie kuongea

Mkondo Mkavu (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila baada ya muda inazunguka klipu ya nyangumi anayelia chini ya maji, na maoni ya watu hayabadiliki: "anamwita mwanawe", "anaomboleza", "wanaongea kama sisi". Mimi ni msomaji wa siku nyingi wa habari hizi, na naona tunawapunja hawa wanyama. Yale yanayojulikana kwa uhakika yanashangaza kuliko hayo ya kubuni. Basi leo naufungua huu uzi, na ubishi unaruhusiwa.

Kwanza mazingira. Baharini macho hayana kazi kubwa. Ukizama mita 200, mwanga wa jua umekwisha karibu wote. Sauti ndiyo mwenyeji. Hewani inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwenye maji ya bahari kama 1,500, yaani zaidi ya mara nne. Na sauti nzito ndizo zinazofika mbali, kwa sababu maji hayazinyonyi upesi.

Halafu kuna ile njia ya kilindini. Unaposhuka, maji yanapoa na sauti inapunguza mwendo. Ukishuka zaidi, mgandamizo unaongezeka na mwendo unapanda tena. Katikati yake, kwenye kina cha kama mita 1,000 katika sehemu nyingi za bahari, pana ukanda ambao sauti ikiingia haitoki kirahisi: ikitaka kupanda inapindwa chini, ikitaka kushuka inapindwa juu, hivyo inaweza kusafiri maelfu ya kilomita bila kugusa sakafu wala uso wa bahari. Jeshi la majini la Marekani liliona faida yake mapema, na wakati wa Vita Baridi likatega haidrofoni, yaani vinasa sauti vya majini, kuzisikiliza nyambizi za Wasovieti.

Nyambizi wakazisikia. Wakasikia na mengine ambayo hawakuyatega. Kulikuwa na mapigo mazito ya mitetemo 20 kwa sekunde, yanayojirudia kwa mpangilio hata watu wakakataa kuamini kuwa mnyama anaweza kuyatoa. Mpaka 1964 ndipo Schevill, Watkins na Backus walipoandika kwamba ni nyangumi pezi. Kulikuwa na mlio mwingine wa ajabu kule Pasifiki, kama waya mnene uliovutwa na kuachiwa, uliosikika tangu miaka ya 1950. Mwenye mlio huo, nyangumi minke, alikuja kujulikana mwaka 2002 karibu na Hawaii. Ule wa Antaktika uliofanana na bata ulisubiri hadi 2014, naye ni minke pia, wa aina ya huko kusini. Miaka hamsini bahari inapiga kelele na hakuna anayemjua mpigaji.

Na sasa mhusika mkuu, nyangumi wa nundu. Huko Bermuda kulikuwa na mhandisi wa kituo cha kusikiliza, Frank Watlington, aliyenasa sauti zao tangu miaka ya 1950. Hakuzitangaza ovyo, akihofia wawindaji wa nyangumi wangezitumia kuwatafuta. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akawapa mwanabiolojia Roger Payne na mkewe Katy. Payne alisikiliza mara nyingi mpaka akagundua kitu kilichobadilisha kila kitu: sauti zile hazikuwa zikitoka ovyo ovyo, zilikuwa zikijirudia. Mwaka 1971 yeye na Scott McVay wakachapisha kwenye jarida la Science kwamba huu ni wimbo.

Wimbo kwa maana gani? Kuna mlio mmoja mmoja. Milio kadhaa inafanya kifungu. Kifungu kikirudiwa rudiwa kinafanya sehemu, na sehemu zikifuatana kwa mpangilio maalumu zinafanya wimbo mzima, mara nyingi wa dakika 10 hadi 20, wakati mwingine 30. Akimaliza anaanza upya bila kupumzika, na anaweza kuendelea hivyo kwa masaa. Wanaoimba ni madume tu, zaidi msimu wa kuzaliana.

Ukimwona anavyoimba utashangaa. Anatulia kabisa, kichwa chini mkia juu, mita kadhaa au makumi chini ya uso wa maji, mapezi yake marefu ameyaachia pembeni. Mdomo umefungwa. Hakuna hata kiputo kimoja kinachotoka. Mwili mzima haufanyi lolote, na wakati huo mzamiaji aliye karibu anausikia wimbo ukitikisa kifua chake.

Nimeanza. Karibuni.

Tumbawe

Naweka kambi hapa.

Chumvi Kali

Mkuu umeandika vizuri, ila hapo kwenye kiputo umenipoteza. Sauti ni hewa inayotoka. Sasa kama hewa haitoki, sauti inatoka wapi?

Mkondo Mkavu

Swali zuri, na jibu lake ni jipya. Hewa haitoki nje, inazungushwa ndani. Mwaka 2024 kundi la Coen Elemans wa Denmark lilichapisha kwenye jarida la Nature uchunguzi wa zoloto (kiungo cha sauti kooni) za nyangumi wasio na meno, kundi la huyu wa nundu, waliokufa ufukweni. Walizipuliza hewa maabara. Wakakuta hawa wamejenga kitu chao wenyewe: mkunjo wenye umbo la herufi U unaogandamizwa kwenye mto wa mafuta, hewa ikipita katikati vinatetemeka. Hewa ikishapita inaingia kwenye mfuko ulio chini ya zoloto, kisha inarudishwa kwenye mapafu na kutumika tena. Hivyo hapotezi pumzi na hamezi maji.

Ila kuna gharama yake. Kwa hesabu zao, mfumo huo haufanyi kazi vizuri chini ya kina cha kama mita 100, na hauvuki mitetemo kama 300 kwa sekunde. Kumbukeni namba hizo, tutazirudia tukifika kwenye meli.

Wenye meno (pomboo, orka na nyangumi spemu) wana njia nyingine kabisa. Wao sauti inatengenezwa puani, juu kwenye kichwa.

Binti Kasa

Kaka Mkondo, mimi kilichonivuta ni kwamba nimesikia nyimbo zinabadilika. Zinabadilikaje? Mnyama si anazaliwa na mlio wake?

Mkondo Mkavu

Dada, hapo umegusa moyo wa mada.

Katy Payne ndiye aliyekaa na rekodi za mwaka baada ya mwaka akaona wimbo unabadilika taratibu. Kifungu kinarefushwa, kingine kinatupwa, kipya kinaingizwa. Lakini ajabu ni hii: katika msimu mmoja, madume wote wa eneo moja wanaimba wimbo ule ule. Mmoja akibadilisha na wengine wakafuata, wimbo wa zamani haurudi. Hilo haliwezi kuwa kwenye damu. Ni kitu cha kusikia na kuiga.

Ushahidi mzito zaidi ulipatikana Australia. Nyangumi wa pwani ya mashariki walikuwa na wimbo wao, wa magharibi wana wao. Mwaka 1996 watafiti wa mashariki walinasa waimbaji 82, na wawili kati yao wakawa wanaimba kitu kigeni kabisa. Kulinganisha, ukawa ni wimbo wa magharibi. Mwaka uliofuata wengi wakawa wameuhamia. Kufikia 1998 wimbo wa zamani wa mashariki hausikiki tena, wote wanaimba wa magharibi. Michael Noad na wenzake walitoa habari hiyo mwaka 2000. Miaka 11 baadaye Ellen Garland akaonyesha kwamba nyimbo zinaendelea kusogea hivyo hivyo, kutoka Australia kuelekea mashariki, kisiwa hadi kisiwa, mpaka Polinesia ya Ufaransa. Karibu kila mara ni kuelekea upande mmoja.

Wawili kati ya 82, na ndani ya misimu miwili pwani nzima imeacha wimbo wake. Mimi hapo huwa naishiwa maneno.

Mbishi Halali

Sawa mkuu, sasa nikubane. Wanajifunza, wanaigana, wana vifungu na sehemu, wanaambukizana mtindo. Halafu wewe kichwa cha uzi unasema tusiwasingizie kuongea. Hiyo si ndiyo lugha yenyewe? Au mpaka waandike barua?

Mkondo Mkavu

Hahaha, nilikusubiri. Barua wasiandike. Ila lugha inataka maana: mlio huu unasimama kwa kitu hiki, ukiupanga hivi unasema jambo lingine. Kwenye wimbo wa nundu hakuna aliyeonyesha hilo. Fikiria: madume wote wanasema "maneno" yale yale, kwa mpangilio ule ule, kwa masaa, usiku na mchana. Kama ni habari, ni habari gani hiyo? Inafanana zaidi na onyesho. Hata mlengwa bado wanabishana: majike, au madume wenzake. Mara nyingi anayemfuata mwimbaji na kumsogelea ni dume mwingine.

Sikatai kwamba kuna kitu kinafanana na lugha. Mwaka 2025 Inbal Arnon, Garland na wenzao walichukua rekodi za miaka minane za New Caledonia, visiwa vya Pasifiki, wakazikata vipande kwa njia inayofanana na anavyofanya mtoto mchanga anaposikiliza watu wazima. Wakakuta vipande vinavyotumika sana ni vichache na vifupi, vile vya nadra ni vingi, kwa uwiano ule ule unaokutwa kwenye lugha za binadamu. Lakini wenyewe walisema wazi: huo ni muundo, si maana. Muundo wa namna hiyo unasaidia kitu kirithishwe kwa kuiga. Muziki nao unarithishwa kwa kuiga.

Mbishi Halali

Na wale spemu je? Wale nimesoma wana "alfabeti".

Mkondo Mkavu

Hapo una hoja zaidi, nakupa haki yako. Spemu haimbi, anapiga vidoko. Akiwa anawinda ngisi kwenye giza la mita elfu na zaidi, anapiga vidoko mfululizo na kusikiliza mwangwi. Akipanda juu akakaa na ndugu zake, vidoko vinageuka kuwa mafungu mafupi yenye mdundo, yanayoitwa koda. Wale wa karibu na Dominica, kisiwa cha Karibi, wana koda yao maarufu: kidoko, nafasi, kidoko, nafasi, halafu vitatu vya haraka. Wa Pasifiki wana koo kadhaa, kila ukoo na koda zake, na koo mbili zinaweza kuishi maji yale yale bila kuchangamana. Kwa hiyo koda angalau inasema "mimi ni wa huku".

Utafiti uliotoka 2024 ulipitia koda 8,719 za Dominica na kukuta zinatofautiana kwa mdundo, kwa kasi, kwa kuvuta au kubana kidogo muda, na kwa kidoko cha ziada kinachopachikwa. Vikichanganywa hivyo vinne unapata mchanganyiko mwingi. Ndipo magazeti yakapiga "alfabeti". Lakini herufi tunazo sisi kwa sababu tunajua zinaandika nini. Pale bado hakuna koda hata moja ambayo mtu anaweza kuitafsiri.

Fundi Spika

Wakuu, mimi kazi yangu ni mitambo ya sauti. Niliweke sawa jambo moja linalopotoshwa kila siku: "nyangumi bluu ana desibeli 188, kazidi ndege ya jeti".

Desibeli, tunayopimia ukubwa wa sauti, si kipimo kama kilo. Ni uwiano, na lazima useme unalinganisha na nini. Hewani tunalinganisha na mgandamizo wa maikropaskali 20, majini na maikropaskali 1. Hilo peke yake ni tofauti ya desibeli 26. Ongeza kwamba maji ni mazito na magumu kubanwa kuliko hewa, kwa nguvu ile ile mgandamizo unakuwa mkubwa zaidi, inafika kama desibeli 62 za kutoa. Kwa hiyo 188 ya majini ni sawa na kama 126 za hewani. Bado ni kelele kubwa, lakini si miujiza. Kidoko cha spemu kinapimwa zaidi ya 230 za majini, toa 62, bado unabaki na zaidi ya 168. Huyo ndiye wa kuogopa.

Mkondo Mkavu

Fundi, asante sana. Hii nilitaka kuiandika nikaogopa kuikoroga.

Tumbawe

Mimi mgeni wa mada. Meli zinaingiaje? Umesema tutarudi.

Mkondo Mkavu

Nimerudi. Propela ya meli kubwa inapozunguka inatengeneza viputo vinavyopasuka, na kelele yake kubwa iko chini ya mitetemo 300 kwa sekunde. Yaani chumba kile kile ambacho zoloto za hawa wasio na meno zimefungiwa. Hawezi kupanda sauti akaikwepa, wala kushuka kilindini akaimbia huko. Ni sawa na kumsimulia mtu hadithi kando ya mashine ya kusaga.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Ghuba ya Fundy, Kanada. Rosalind Rolland na wenzake walikuwa wanakusanya kinyesi cha nyangumi raiti, ambacho kinaelea kwa muda mfupi kisha kinazama. Walitumia mbwa. Mbwa anasimama mbele ya boti, pua kwenye upepo, akinusa harufu anaelekea upande wake na nahodha anafuata. Kwenye kinyesi hicho unapima homoni za msongo. Ikatokea wako kazini Septemba 2001. Baada ya mashambulizi ya New York na Washington, safari za meli zikapungua ghafla. Kelele ya chini kwa chini ghubani ikashuka kwa desibeli 6, na homoni za msongo kwenye kinyesi nazo zikashuka. Miaka mingine waliyopima, Septemba haikuwa na mshuko huo. Utafiti ulitoka 2012. Hakuna mtu angepewa kibali cha kusimamisha meli zote ili apime kitu hicho, historia iliwafanyia.

Sona za kijeshi, mitambo inayopiga sauti majini na kusikiliza mwangwi ili kutafuta nyambizi, ni balaa la aina nyingine. Machi 2000 huko Bahamas wanyama 17 wa jamii hii, wengi wao nyangumi wenye mdomo mrefu, walikwama ufukweni baada ya mazoezi ya jeshi la majini la Marekani, na uchunguzi wa serikali yenyewe ukaitaja sona kuwa chanzo.

Binti Kasa

Hapo kwenye mbwa nimeipenda sana. Swali: mama na ndama nao wanaimba?

Mkondo Mkavu

Hawaimbi, wananong'ona. Watafiti walibandika vinasa sauti vya kunyonya kwenye ngozi za mama na ndama wa nundu kule Exmouth, magharibi mwa Australia. Wakapata miguno midogo sana, mingine ni ya kusuguana tu ndama akitafuta kunyonya. Kwa makadirio yao sauti hizo hazisikiki mbali zaidi ya mita mia hivi. Dhana ni kwamba wanajificha wasisikiwe na orka, wala na madume wasumbufu. Ilichapishwa 2017. Sasa wale wanaoandika "anamwita mwanawe" chini ya klipu ya dume anayepaza sauti ifike kilomita nyingi, mjionee.

Chumvi Kali

Na yule mpweke wa 52? Anayeimba na hakuna anayemsikia? Mimi yule huwa ananiliza.

Mkondo Mkavu

Futa machozi mkuu. Sauti ya mitetemo 52 kwa sekunde ilinaswa Pasifiki Kaskazini mwaka 1989 kwa zile zile haidrofoni za jeshi, na timu ya William Watkins ikaifuatilia miaka 12, ikachapisha 2004. Alionekana kuwa mmoja, na mlio wake uko juu kuliko wa bluu na pezi. Hapo ndipo ushahidi unaishia. Upweke tumemwongezea sisi. Nyangumi wenzake hawana sababu ya kutosikia 52, iko ndani ya masikio yao. Na hakuna aliyewahi kumwona ajue alikuwa na nani pembeni.

Kuna jambo lingine la wimbo wa bluu ambalo linanikosesha usingizi zaidi: tangu miaka ya 1960 unazidi kuwa mzito, dunia nzima, kila kundi na wimbo wake. McDonald, Hildebrand na Mesnick waliandika hivyo 2009. Sababu zimependekezwa nyingi, hakuna iliyoshinda.

Mbishi Halali

Nikubali nusu. Ila nikuulize: kama wimbo ni wa kuwania majike, si ungetegemea wakiongezeka waimbe zaidi?

Mkondo Mkavu

Ungetegemea hivyo, na imekuwa kinyume! Mashariki mwa Australia kundi lilikua kutoka kama 3,700 mwaka 1997 hadi kama 27,000 mwaka 2015, baada ya uwindaji kusimamishwa. Rebecca Dunlop na Celine Frère walionyesha mwaka 2023 kwamba kadiri walivyoongezeka, madume wengi zaidi waliacha kuimba wakahamia kwenye kugombana. Maelezo yao ni rahisi: wakiwa wachache, unapaza sauti jike akujue uko wapi. Wakijaa, ukiimba unamwita mpinzani. Kwa hiyo sehemu fulani bahari ikipungua nyimbo inaweza kuwa habari njema. Jamaa wa "wanaomboleza" hilo hawaliwezi.

Tumbawe

Naomba mwongozo wa kusikiliza. Nimefungua ya bluu kwenye simu, nasikia kama ndege analia.

Fundi Spika

Hiyo imeharakishwa mkuu, mara nyingi mara kumi. Bluu yuko mitetemo 10 hadi 40 kwa sekunde, sikio lako linaanzia kama 20, na spika ya simu hata 100 inaihangaikia. Ukiiweka kwa kasi yake halisi utaona mshale wa sauti unacheza na husikii chochote. Anza na wa nundu, vaa hedifoni nzuri, usitumie spika ya simu. Wale milio yao inaingia kwenye sikio letu bila kuchezewa.

Tumbawe

Ndiyo maana! Nilidhani simu imekufa.